Askofu wa Embu aliyewapima wanasiasa kwa kipimo kimoja

Jumapili moja nilimsindikiza shosho kanisani, nje kidogo ya mji wa Embu. Ibada ilikuwa fupi kuliko kawaida na sababu ilikuwa imeegeshwa pale nje: magari matatu makubwa, na vijana wa rika langu wamevalia tisheti za rangi moja. Mheshimiwa alikaribishwa mbele. Akaimba pambio, akapiga magoti, akaombewa. Halafu bahasha zikatoka. Moja ya kwaya, moja ya akina mama, nyingine ya mabati.

Tulipotoka, jamaa wake wakatugawia vijana mia mbili mbili karibu na lango. Ukweli usemwe, hata mimi nilichukua. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Na nikiwa nahesabu hizo noti nilikubaliana na wenzangu kwamba angalau huyu ni mtu wa Mungu, si kama wale wengine.

Shosho hakusema neno njiani. Tulipofika nyumbani akateka chai, akaketi, akaniuliza kama najua Askofu Gitari alikuwa nani. Nikamjibu kwamba jina nimelisikia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza kitu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo mambo mengi ninayojua nimejisomea mwenyewe. Wiki hiyo nilimsoma Gitari. Wacha nikusimulie, kwa sababu 2027 haiko mbali na hizo tisheti zitafika hata kwenu, uwe Runyenjes, Nkubu, Maua au Kiritiri.

Mtoto wa mwinjilisti

David Mukuba Gitari alizaliwa Septemba 1937 huko Ngiriambu, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti. Kwa hivyo dini kwake haikuwa kitu cha Jumapili peke yake.

Alisoma Shule ya Kangaru hapa Embu, ile ile ambayo bado vijana wa huku wanaipigania nafasi. Akaendelea hadi chuo kikuu Nairobi, baadaye akaenda Bristol, Uingereza, kusomea theolojia. Aliwahi pia kufanya kazi na wanafunzi Wakristo vyuoni, akizunguka huku na huku. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya.

Hadi hapo ungemwona msomi mpole wa kanisa, mtu wa vitabu na mikutano. Kisha ukafika Machi 1975.

Sauti redioni

Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, alitoweka Nairobi mwanzoni mwa mwezi huo. Mwili wake ukapatikana Ngong. Alikuwa ameuawa. Nchi nzima ilitetemeka, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mtu alihisi kwamba mkono uliofanya kitendo hicho haukuwa wa majambazi wa kawaida.

Wakati huo Gitari alikuwa na zamu ya kuhubiri kwenye redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Angeweza kuzungumzia amani kijumla, akaomba, akaenda nyumbani. Badala yake alichukua kisa cha Kaini na Habili, pale Mungu anapomtaka muuaji aeleze aliko nduguye, akakiweka mbele ya Kenya. Kila aliyekuwa akisikiliza alijua anazungumzia nini. Wakubwa hawakufurahia hata kidogo.

Sasa hapa tulia kidogo. Rais wa wakati huo alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, Mkikuyu. Gitari alitoka Kirinyaga, Mkikuyu pia. Kwa lugha yetu ya leo, serikali ile ilikuwa ya watu wetu. Kama angetaka kunyamaza, kisingizio kilikuwa tayari: tusiaibishe nyumba yetu mbele ya majirani. Hakukitumia.

Kumbuka hilo. Miaka kumi baadaye, wakati Rais ni Daniel arap Moi, wapo waliosema kwamba askofu huyu anasumbua tu kwa sababu mamlaka yametoka mlimani. Lakini mtu aliyeuliza habari za damu chini ya Kenyatta alikuwa na haki ya kuuliza habari za kura chini ya Moi. Kipimo kilikuwa kile kile.

Miaka 15 Embu

Julai 1975, akiwa na umri wa miaka 37, Gitari akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki ya Kanisa la Kianglikana, enzi hizo likiitwa CPK. Makao yake makuu yalikuwa hapa Embu.

Chukua ramani uone ukubwa wa dayosisi hiyo. Inaanza kwenye mpunga wa Mwea na majani chai ya Kirinyaga, inapita Embu na Meru, inateremka Isiolo, inaingia jangwa la Marsabit mpaka karibu na Ethiopia. Mtu mmoja alikuwa mchungaji wa mkulima wa kahawa na pia wa mfugaji wa ngamia.

Hakukaa ofisini. Makanisa yalifunguliwa, wachungaji wakafunzwa, wainjilisti wakawafuata Wagabbra huko kwenye mifugo yao. Na injili yake haikuishia kwenye wimbo. Dayosisi iliingia kwenye maji, afya, kilimo. Alishikilia kwamba Mungu anayejali roho ya mtu anajali pia kama huyo mtu amekula, na kama shamba lake limenyakuliwa.

Viongozi wa kanisa wa huku hawakufuata njia moja. Kule Meru, kiongozi wa Wamethodisti, Lawi Imathiu, aliteuliwa kuwa mbunge mwaka wa 1974. Gitari alibaki nje ya Bunge. Lakini kubaki nje hakumaanisha kufumba macho. Aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, na baraza hilo ndilo lililosimama mbele mambo yalipochacha.

Mlolongo

Mwaka wa 1986 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, KANU. Agosti mwaka huo chama kikaamua kwamba katika mchujo wa wagombea hakutakuwa na kura ya siri tena. Wapiga kura watapanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala aliyeshika picha yake. Ndiyo hiyo kura ya mlolongo ambayo wazazi wetu wakiitaja wanacheka kwa uchungu.

Kulikuwa na kifungu kingine kibaya zaidi. Mgombea akipata asilimia 70 au zaidi kwenye mlolongo, basi amepita bila kupingwa. Hakuna kura ya siri ya kumthibitisha. Na kwa kuwa mchujo ulikuwa wa wanachama wa KANU pekee, asiyekuwa na kadi ya chama angeweza kupata mbunge bila kuulizwa chochote.

Makasisi na wachungaji wa NCCK, zaidi ya elfu moja, walikutana mwezi huo huo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaupinga utaratibu huo waziwazi. Gitari alikuwa kati ya sauti kali zaidi.

Hoja yao fikiria kama mtu wa kijijini. Mchungaji akisimama kwenye foleni ya mgombea A, kesho atawahubiria vipi waumini waliosimama kwa B? Mwenye duka akisimama foleni asiyoipenda chifu, leseni yake iko salama? Kibarua je, akionekana na mwajiri wake? Mke akitaka tofauti na mume? Mlolongo ulimlazimisha mtu mnyonge kuchagua kati ya dhamiri yake na mkate wake, hadharani, mchana. Ndiyo maana kwa Gitari jambo hilo lilikuwa la imani kabla halijawa la siasa. Kama kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, huna ruhusa ya kujenga utaratibu unaomtisha ili aseme uongo.

Danieli aingia Nyeri

Juni 1987 Gitari alihubiri Nyeri kuhusu Danieli kwenye tundu la simba. Sisi hiki kisa tulifundishwa Sunday school kwa picha za simba waliolala. Yeye alikisoma kama mtu anayesoma gazeti.

Alionyesha kwamba Danieli alikuwa mtumishi wa serikali, mchapakazi, asiye na ufisadi, na hilo ndilo lililowaudhi wenzake. Kwa kuwa hawakumpata na kosa, walimshawishi mfalme atie saini sheria ya haraka haraka, isiyojadiliwa, ambayo ikishatiwa saini haigeuzwi. Mfalme mwenyewe alijuta baadaye, lakini tayari alikuwa amejifunga kamba.

Kila aliyesikiliza aliona Kenya. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba na kumwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Mwaka wa 1988 majaji nao wakaondolewa ulinzi. Mambo mazito, mjadala mwepesi.

Wanasiasa waliwaka. Walimtaka askofu arudi madhabahuni aachane na siasa. Wapo waliomkumbusha kwamba Biblia inaamuru kutii wenye mamlaka. Ajabu ni kwamba hakuwa amemtaja mtu. Alikuwa amefafanua Biblia, mstari baada ya mwingine, na kila mmoja akajiona ndani yake.

Foleni fupi iliyoshinda

Mchujo wenyewe ulifika Februari 1988. Hapa namrudia shosho, maana yeye alikuwa pale.

Aliamka alfajiri, akapanga foleni na mtoto mgongoni. Anasema haukuhitaji kusoma ili kujua nani ameshinda. Foleni yao ilizunguka uwanja mzima. Ile nyingine ilikuwa ya watu ambao ungewahesabu kabla chai haijapoa. Msimamizi akatangaza kwamba ile fupi ndiyo iliyoshinda. Watu wakatazamana. Polisi walikuwepo. Kila mtu akarudi kwake. Hakuenda kupiga kura tena kwa miaka mingi.

Mambo kama hayo yalisimuliwa sehemu nyingi za nchi. Jarida la NCCK, Beyond, liliyachapisha. Serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela.

Gitari hakunyamaza. Uchaguzi wa matawi ya KANU ulipovurugwa baadaye mwaka huo, alilaumu wizi uliotendeka Kirinyaga, kwao alikozaliwa. Angeweza kulaumu Nairobi tu. Alilaumu wanasiasa aliowajua kwa majina, ambao angekutana nao sokoni na mazishini.

Usiku juu ya paa

Aprili 1989, usiku, genge la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Walivunja kuingia. Askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaamka na kuja mbio. Genge likatoroka.

Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka simu chini. Mimi niliuza shukrani yangu kwa mia mbili. Huyu mzee wa miaka 51 alikuwa juu ya mabati usiku wa manane kwa sababu ya kusema kwamba kura imeibwa.

Na hatari ilikuwa ya kweli. Agosti 1990 askofu mwenzake wa Eldoret, Alexander Muge, alikufa katika ajali ya barabarani siku chache tu baada ya waziri Peter Okondo kumtishia hadharani kwamba akikanyaga Busia hatarudi akiwa hai. Alikwenda, na akafa akirejea. Okondo alijiuzulu.

Mwaka huo huo dayosisi kubwa ya Gitari iligawanywa. Embu ikapata askofu wake, Gitari akabaki na Kirinyaga. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichofanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa. Mlolongo ulikuwa umeshazikwa.

Askofu Mkuu

Januari 1997 alitawazwa Askofu Mkuu wa Waanglikana Kenya. Julai mwaka huo, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata waandamanaji wa kudai mageuzi hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga humo humo. Gitari aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa.

Kuanzia mwishoni mwa 1999 alikuwa kati ya viongozi wa dini waliosukuma mchakato wa Ufungamano, Wakristo, Waislamu na Wahindu pamoja, wakitaka wananchi ndio waandike Katiba, si wabunge peke yao. Alistaafu 2002. Aliishi kuona Katiba mpya ya Agosti 2010, ambayo kifungu chake cha 81 kinadai uchaguzi wa kura ya siri, usio na vitisho wala hongo. Soma hicho kifungu halafu kumbuka foleni ya shosho. Alifariki Septemba 30, 2013, akiwa na miaka 76.

Sasa turudi langoni

Usinielewe vibaya. Sisemi maaskofu ndio watuchagulie viongozi. Mchungaji anayekwambia mpigie fulani kwa sababu Mungu amemfunulia, huyo naye anakupangia mlolongo, tofauti ni kwamba foleni iko ndani ya kanisa.

Ninachokiona kwa Gitari ni maswali. Hakujishughulisha na mgombea anavyoomba vizuri, wala ametoa mabati mangapi, wala ni wa ukoo gani. Aliuliza mamlaka hayo yamepatikana kwa njia gani. Aliuliza yanamfanyia nini mtu asiye na wa kumtetea. Aliuliza kama sheria imepita kwa haki au kwa haraka. Na aliyauliza kwa watu wa nyumbani kwanza.

Hapo ndipo sisi wa Embu na Meru tunaponaswa. Mwizi wa upande mwingine tunamwita mwizi. Wetu tunamwita mjanja, tena tunamwombea. Mwenzetu akituibia pesa za zahanati, tunaambiwa tusimwage mboga zetu mbele ya wageni. Imani inayobadilisha kipimo kulingana na jina la ukoo haijapima kitu.

Kanisa lenyewe limeanza kushtuka. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya ACK. Novemba 2024, baada ya vijana kulalamika kwa miezi kwamba makanisa yamegeuzwa majukwaa, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa na kuahidi katika kanisa moja Soweto. Ni hatua nzuri. Lakini bahasha ikifungiwa mlango wa kanisa, inatungoja langoni. Mia mbili yangu haikutoka madhabahuni.

Nilimuuliza shosho kwa nini alirudi kupiga kura baada ya 1988. Alisema ni kwa sababu ya askofu. Kama yeye alipanda paa, mimi nani nikatae kupanda kilima kwenda kituoni?

Mimi sijajiandikisha. Nimekuwa nikisema wote ni wamoja, hakuna haja. Wiki hii naenda ofisi ya IEBC. Na Mheshimiwa akirudi na gari zake, nitamngoja pale langoni, lakini mkono wangu utakuwa mfukoni. Nitamuuliza pesa za bahasha zimetoka wapi, alipigaje kura Bungeni kuhusu ushuru wa mama mboga, na kwa nini zahanati ya kijiji chetu haina dawa. Akijibu vizuri, nitasikiliza. Hata kama si wa ukoo wetu.